Kuvua straipa ufukweni kwa chambo cha manyoya: walioko pwani ya mashariki ya Marekani, uzi wenu huu

Pangani1

Wakuu, salaam.

Ikifika Mei simu yangu haipumziki. Ndugu zetu walioko Boston, Providence, New Jersey mpaka Maine wanauliza yaleyale: fimbo gani, nisimame wapi, mbona jirani yangu anavuta samaki na mimi naosha mshipi tu. Nimeona nifungue uzi tuyaweke yote sehemu moja, na wenye ujuzi kunizidi waongezee.

Kwa wageni: straipa (striped bass) ni samaki wa pwani ya mashariki ya Marekani. Mgongo wa kijani cha zeituni, tumbo jeupe, na mistari saba au minane myeusi inayotoka nyuma ya shavu mpaka mkiani. Maryland na Virginia wanamwita rokfishi. Anazaliwa kwenye maji matamu ya mito, hasa ile inayoingia ghuba ya Chesapeake, pia Delaware na Hudson. Akishataga majira ya kuchipua anatoka baharini na kupanda kaskazini akifuata dagaa, anapita Long Island, Rhode Island, Cape Cod, wengine mpaka Maine. Baridi ikianza anageuza, na wengi hukaa miezi ya baridi nje ya Virginia na North Carolina. Kwa hiyo sisi wa kaskazini tunamvizia msafiri. Kusini mwa Massachusetts anaonekana mwanzoni mwa Mei, Maine mwishoni mwa Mei na Juni, na wenzetu wa New Jersey wana bahati ya kumpata anapopanda na tena anaposhuka Novemba.

Anafika ukubwa wa kutisha. Rekodi ya dunia ni samaki wa kilo 37 aliyevuliwa Connecticut mwaka 2011. Aliyekuwa akishikilia rekodi kabla yake alivuliwa Atlantic City mwaka 1982 na mtu aliyesimama juu ya gati la mawe usiku wa dhoruba, si kwenye boti. Wote wawili hawakuvuliwa kwa manyoya, nisije nikadanganya watu.

Sasa nianze na kinachowanyima watu samaki kuliko fimbo mbaya. Mtu anafika ufukweni, anavaa suruali ya mpira, anaingia majini mpaka kiunoni, kisha anarusha kwa nguvu zake zote kuelekea Ureno. Wakati huo straipa wanapita nyuma ya magoti yake.

Tazameni fukwe za wazi za huku, zile za Cape Cod, rasi ya Massachusetts, upande wa bahari kuu kwa mfano. Wimbi linavunjika mara ya kwanza kwenye fungu la mchanga, linatulia kidogo, kisha linaanguka tena pembeni kabisa. Kati ya fungu na ufuo kuna mfereji uliochimbwa na mawimbi, sehemu nyingine unazidi kina cha pembezoni kwa nusu mita au mita nzima. Humo ndimo dagaa, kaa na uduvi wanapovurugwa. Dagaa akipigwa na wimbi anapoteza mwelekeo. Straipa ana mkia mpana na kifua kinene, msukosuko ule haumsumbui, ndiyo maana anaingia kula hapo. Usiku anakuja mpaka kwenye maji yasiyofunika goti.

Kwa hiyo mirusho ya kwanza simama kwenye mchanga mkavu, hatua kadhaa nyuma ya maji, rusha mita kumi, na rusha kwa mshazari kufuata ufuo, usirushe moja kwa moja kwenda nje. Chambo kipite ndani ya mfereji muda mrefu. Ukishamaliza hapo ndipo unaingia maji ya kifundo, kisha ya goti. Mimi kiunoni siendi kabisa.

Na ufukwe unasomwa maji yakiwa yamepwa, mchana. Nenda bila fimbo. Angalia fungu limekatika wapi, maana pale ndipo maji yanapotokea kurudi baharini na dagaa wanasombwa humo. Angalia ufuo umepinda wapi kuingia ndani. Maji yakiwa mengi, mahali ambapo wimbi halivunjiki wakati kulia na kushoto linavunjika ni kina kirefu, ni mlango. Weka alama kwa nyumba au ngazi iliyo juu ya tuta la mchanga, maana usiku ufukwe wote unafanana. Na urudi kuangalia baada ya kila dhoruba, fungu linahama.

Vifaa kwa kifupi. Fimbo ya futi 9, namba 9. Namba ni uzito wa mshipi inaoubeba, kwa sababu kwenye uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe, chambo hakina uzito wa maana. Namba 8 inatosha kwenye maji tulivu, namba 10 ni ya upepo na chambo kikubwa. Mshipi uwe ule unaozama polepole, inchi moja na nusu au mbili kwa sekunde, ukae chini ya mawimbi. Unaoelea weka kwa ajili ya milango ya mito na mabwawa ya chumvi. Kwenye mawimbi unarushwarushwa na huwezi kujua samaki kagusa au la. Uzi wa mbele mita moja na nusu, nguvu ya ratili 15 mpaka 20, mambo yameisha.

Rili ghali haina haja. Kitu ambacho watu wanakidharau na ndicho kinachookoa usiku wako ni kapu la kiunoni. Mshipi unaouvuta lazima ukae mahali. Ukiudondosha majini, wimbi linauchukua, unajizungusha miguuni, unakusanya mwani, na mrusho unaofuata unafia hapo hapo. Madukani yapo, lakini beseni la plastiki la kuoshea vyombo linatosha. Litoboe matundu ya kutoa maji, pitisha mkanda, na simamisha ndani vipande vifupi vya uzi mnene wa nailoni ili mshipi usijisokote.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Kigogo wa Feri

Mkuu uzi mtamu, ila hapo kwenye manyoya umeniacha. Manyoya ya nini? Samaki anakula manyoya? Huku Feri chambo ni ngisi au dagaa, basi.

Pangani1

Hahaha Kigogo, hali manyoya, anadanganyika.

Ni ndoana iliyofungwa manyoya au nywele kwa uzi mpaka ikifika majini ionekane kidagaa. Chukua kile kinachoitwa Clouser, alichokibuni Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980 kwa samaki wa mto Susquehanna. Unabana ndoana kwenye jiliwa dogo la mezani. Nyuma kidogo ya tundu la ndoana unafunga vishanga viwili vya chuma vilivyoungana, ndiyo macho. Unavifunga kwa mzunguko wa msalaba, unakaza, unatia tone la gundi. Kisha unakata nywele chache za mkia wa kulungu, nyeupe, unazilaza upande wa macho na kuzifunga mbele na nyuma yake. Unageuza ndoana juu chini. Unaweka nyuzi tatu nne zinazong'aa, na juu yake nywele za kijani cha limau au za kahawia. Umemaliza.

Kwa kuwa uzito wa macho umekaa upande mmoja, chambo kinaogelea ndoana ikiwa imetazama juu, hivyo hakikwami sana mchangani. Na kila ukivuta kinapanda, ukiacha kinadondoka kichwa chini. Straipa wengi wanakichukua kinapodondoka.

Cha pili ni Deceiver, alichokibuni Lefty Kreh wa Maryland mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa straipa hawahawa wa Chesapeake. Manyoya marefu ya jogoo yanafungwa nyuma ya ndoana, nywele za kulungu zinazunguka mbele. Mwaka 1991 Posta ya Marekani ilikiweka kwenye stempu. Yule mzee alifariki 2018, na sijakutana na mvuvi wa chambo hiki huku ambaye hajasikia jina lake.

Watu wakosea kwa kuweka nywele nyingi. Chambo kikilowa unatakiwa uone mwanga ukipenya.

Kirinyaga Mdogo

Niaje wazee. Niko New Jersey, Sandy Hook na Island Beach ndiyo maskani.

Kwa wakenya wenzangu ambao walianza na trauti, samaki wa mito baridi ya mlimani, kule Sagana ama Aberdare (hao trauti waliletwa na wazungu 1905, na mtindo wa kuvua ukaja nao), kuna tabia moja lazima muiache huko mlimani. Trauti akigusa unainua fimbo. Hapa ukiinua fimbo umempoteza straipa. Fimbo inapinda, nguvu yote inaishia kwa fimbo, ndoana haingii, na chambo kinatoka majini kinaenda angani. Weka ncha ya fimbo chini, karibu iguse maji, ielekee kwa mshipi. Samaki akigusa, endelea kuvuta kwa mkono wa mshipi, vuta ndefu na ngumu mpaka usikie uzito. Hapo ndiyo unainua. Na faida ingine: kama alikosa, chambo bado kiko majini mbele yake, mara nyingi anarudi.

Usiku mimi hutia fimbo kwapani na kuvuta kwa mikono miwili kwa zamu. Chambo hakisimami, na wakati wa kukaza mkono uko tayari.

Kuhusu upepo hakuna aliyesema. Huku upepo wa mchana wa kiangazi hutoka kusini ama kusini-mashariki. Ukivulia mkono wa kulia na upepo unakupiga bega la kulia, chambo kinakuja kwa sikio. Geuka, tazama nchi kavu, rusha mbele kuelekea matuta ya mchanga, halafu ule mrusho wa nyuma ndiyo uachilie uende baharini. Inaonekana ujinga mara ya kwanza lakini inafanya kazi. Na miwani kila wakati, hata giza.

Mtoto wa Uvira

Ndugu zangu, mimi niko Portland, Maine, ambako wakongomani na warundi tumekuwa wengi na Kiswahili unakisikia hata dukani. Nashukuru sana kwa huu uzi.

Huku kwetu maji ni ya baridi hata Julai. Suruali ya mpira peke yake haitoshi, ndani vaa nguo ya sufu. Na mkanda wa kiunoni juu ya ile suruali ufungwe kabisa, usiuache. Ukianguka ndio unaozuia maji yasijae miguuni.

Sisi tunavua zaidi kwenye milango ya mito, mto Saco, na kule Popham ambako mto Kennebec unaingia bahari. Mpango wetu ni mwepesi: maji yakianza kutoka mtoni, dagaa wanatoka nayo, straipa anasimama pembeni ya mkondo, kwenye mstari ambapo maji ya haraka yanapakana na maji ya polepole. Unarusha juu ya mkondo kidogo, unaacha maji yabebe chambo mpaka kizunguke, halafu ndiyo unavuta. Saa mbili za kwanza za kupwa ni nzuri kuliko zote.

Neno kwa akina mama na wenye watoto. Serikali ya jimbo letu inashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 8 wasile kabisa straipa, na wengine wasizidi milo minne kwa mwaka, kwa sababu ya zebaki na sumu za viwandani zilizo ndani ya nyama. Kwetu Uvira samaki ni chakula cha kila siku, kwa hiyo watu hawaamini wakiambiwa. Lakini imeandikwa.

Kigogo wa Feri

Subirini kwanza. Milo minne kwa mwaka? Halafu nasikia mkimpata mnamwachia? Yaani umesimama kwenye baridi usiku kucha, umempata samaki wa kilo kumi, unampiga picha, unamrudisha? Huku mtu akifanya hivyo tunamwita mjomba wake aje amchukue.

Pangani1

Kigogo, si kwamba hatuli. Nyama yake nyeupe, ngumu kiasi, ukiikaanga na ndimu inakubali. Lakini kuna sheria. Kuanzia 2023, kwenye pwani ya bahari kuu mtu mmoja anaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, na awe kati ya inchi 28 na 31, yaani kati ya sentimita 71 na 79. Akipungua unaachia, akizidi unaachia. Hizo ni inchi tatu tu. Wengi unaowapata hawaangukii humo, kwa hiyo kuachia si hiari.

Bibi Dagaa

Wanangu, mimi niko Maryland muda mrefu kuliko wengi humu, acheni niongezee hapo kwa Kigogo, maana swali lake si la kuchekwa.

Huyu samaki alikaribia kwisha. Miaka ya 1970 alivuliwa bila breki, na watoto waliokuwa wakizaliwa Chesapeake wakapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulazimisha majimbo yote ya pwani yafuate mpango mmoja. Mwaka 1985 Maryland ikafunga kabisa. Si msimu, si idadi: hakuna kuvua straipa. Imefungwa mpaka 1990. Wavuvi wa nyavu wa hapa walilia, kuna familia ziliacha kazi ya bahari. Mwaka 1995 ndipo tume ya majimbo ya pwani ikatangaza kwamba samaki amerudi.

Halafu ikasahauliwa. Mwaka 2019 tathmini ikaonyesha tena amevuliwa kupita kiasi, ndipo zikaja hizo inchi anazosema Pangani.

Kuna jambo jingine linanitia wasiwasi kuliko ndoana za kina Pangani. Kila kiangazi tangu 1954 wataalamu wa jimbo hili wanapita mitoni na juya dogo la ufukweni kuhesabu straipa waliozaliwa mwaka huo. Wastani wa miaka yote ni kama watoto 11 kwa kila mvuto wa juya. Mwaka 2023 ulikuwa 1. Mwaka 2024 ulikuwa 2. Ili mayai na vitoto vipone panahitajika baridi ya kutosha na mvua za kuchipua zinazojaza mito, na miaka hii tunapata baridi laini na mito mikavu. Maana yake wale wakubwa mnaowaona Cape Cod leo wengi ni wazee, nyuma yao foleni ni fupi. Yule mkubwa aliyezidi inchi 31 ni mama mwenye mayai mengi. Ndiyo anarudishwa.

Na kurudisha si salama asilimia mia. Kwenye hesabu zao wanachukulia asilimia 9 ya wanaoachiwa wanakufa baadaye. Kwa hiyo anayejisifu humu kwamba kaachia samaki hamsini ajue kaua wanne au watano.

Kigogo wa Feri

Bibi nimekuelewa. Shikamoo.

Bibi Dagaa

Marahaba mwanangu.

Fundi Nyavu

Mimi bado naona ni mchezo wa matajiri. Kama samaki anaisha, basi usimchome ndoana kabisa, kaa nyumbani. Kumtesa halafu kumwachia ili upate raha, sioni tofauti yake na kumla. Anayemla angalau ana sababu.

Pangani1

Fundi, hoja yako ina uzito na sitajifanya kuwa nina jibu la kuifuta. Ninachoweza ni kupunguza madhara, na hapo nitakuwa mkali kwa wanaoanza.

Bana kijino cha ndoana kwa koleo kiwe laini, itoke kwa sekunde moja. Tumia uzi wa mbele wenye nguvu, umlete haraka. Anayejivunia kupigana na samaki nusu saa kwa uzi mwembamba anamuua kwa uchovu. Wimbi likirudi usimvute, mwachie aende nalo. Linalofuata likiingia ndipo unarudi nyuma hatua chache na wimbi lenyewe linamteleza mpaka miguuni pako. Asigaragare kwenye mchanga mkavu, ule utando wa ngozi ndio kinga yake. Lowesha mikono. Meno yake ni madogo ya kukwaruza tu, unaweza kumshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, lakini mkubwa usimning'inize kwa taya, mkono mwingine uwe chini ya tumbo. Jihadhari na miiba ya mgongoni na ukingo wa shavu, unakata. Kisha mshike majini akitazama mkondo mpaka auminye mdomo wake kwenye kidole chako na kujitoa mwenyewe.

Na joto likizidi, maji yakipita nyuzi 21 hivi, mimi naacha, maana maji ya moto yana hewa kidogo na samaki aliyechoka haponi. Agosti mchana ghubani vua samaki wengine.

Upande wa matajiri, sikatai kwamba kuna wenye fimbo za dola elfu. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya mkononi mwa mtu na bado inarusha.

Nahodha Mstaafu

Assalamu alaikum. Nasoma kutoka Tanga. Sijawahi kumwona huyo samaki lakini bahari ni bahari. Naomba kuuliza: bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, kwenu ni kubwa kiasi gani, na samaki anakula bamvua au maji mafu, yale madogo ya katikati?

Pangani1

Waalaikum salaam mzee wangu.

Inategemea upande. Kuanzia Boston kupanda Maine, kujaa na kupwa kunatofautiana kama mita tatu siku za kawaida, na bamvua inazidi hapo, kwa hiyo inakaribia ile ya nyumbani. Ukishuka upande wa kusini wa Cape Cod na Rhode Island, ni mita moja au pungufu. Ni mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa dakika hamsini hivi, sawasawa na Tanga.

Bamvua ya mwezi mwandamo naipenda kuliko ya mwezi mpevu. Mkondo una nguvu, dagaa wanashindwa kujitawala, na giza linamfanya straipa asogee. Shida ya giza lile ni kwamba mwisho wa kiangazi bahari inawaka: kila kinachotikisika majini kinatoa mwanga, hata mshipi. Usiku huo vuta polepole sana na tumia chambo cheusi. Kwenye mabwawa ya chumvi ya Rhode Island kuna jambo jingine la mwezi: Mei, karibu na mwandamo au mpevu, minyoo ya baharini inatoka matopeni jioni kwa maelfu kuzaliana juu ya maji, na straipa wanaifyonza. Bwawa la Ninigret linajulikana kwa hilo. Hapo sasa mshipi unaoelea na kichambo chekundu cha inchi mbili.

Maji mafu mimi naenda milango ya mito tu, ambako mkondo haukosekani.

Nahodha Mstaafu

Vizuri. Basi waambie vijana wako jambo moja. Umesema kuna fungu na mfereji nyuma yake. Kijana atavuka mfereji maji yakiwa yamepwa, asimame juu ya fungu, avue kwa raha maana anafika mbali. Maji yakianza kujaa hayaanzi pale aliposimama. Yanaanza kwenye mfereji, mgongoni kwake. Yeye miguuni anaona maji ya kifundo anasema bado mapema. Akigeuka, njia aliyokujia ni ya kifua na inakwenda kasi. Nimeokota watu kwenye mafungu, na wengine tumewakuta wakiwa wameshakufa. Ajue saa ya kupwa kabisa, na saa hiyo ikifika awe ameshaanza kurudi.

Kirinyaga Mdogo

Mzee umeongea. Hii iwekwe juu ya uzi.

Mama Zai

Jamani na papa? Nasikia Cape Cod kuna papa wanaoua watu.

Pangani1

Wapo, Mama Zai. Papa weupe wakubwa wanafuata sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, na sili wameongezeka sana tangu walipolindwa kwa sheria ya 1972. Septemba 2018 kijana mmoja aliyekuwa akiteleza juu ya mawimbi aliuawa Wellfleet, hukohuko Cape Cod. Kwa mvuvi kanuni ni nyepesi: ukiona sili, usiingie majini kupita goti. Tena sili mwenyewe ni kero, amejifunza kumnyang'anya mvuvi samaki aliyenaswa. Akitokea kichwa chake mbele yako, kunja mshipi hama ufukwe. Sehemu zenye kamba na vibao vya ndege wanaotaga mchangani msikanyage, faini ipo.

Ndo Kwanza

Wakuu mimi niko East Boston, sina gari. Nifanyeje? Na kibali kinahitajika? Nimeona watu wengi wanavua tu.

Pangani1

Uko pazuri kuliko unavyodhani. Treni ya Blue Line inakushusha Revere Beach, ukivuka barabara uko mchangani. Ni ufukwe wa umma tangu 1896. Kiangazi mchana kuna waogeleaji, kwa hiyo wewe uwe pale kabla jua halijachomoza, au usiku. Ufuo wake ni mlalo, maji yakipwa yanakwenda mbali, hivyo lenga saa mbili kabla ya kujaa na saa moja baada yake. Kwa Red Line unashuka JFK/UMass unatembea mpaka Carson Beach. Ghuba ya Boston straipa wanaingia ndani kabisa, watu wanawapata wakiwa wanaona maghorofa ya benki.

Hapo Massachusetts kibali ni lazima kwa mwenye miaka 16 na kuendelea. Cha bahari kina ada ndogo kwa mwaka, unakipata mtandaoni, unakiweka kwenye simu. Waliofikisha miaka 60 hawalipi lakini bado wanatakiwa wawe nacho. New York na New Jersey ni kujiandikisha tu, bure. Usimwangalie anayevua bila kibali, akija ofisa wa mazingira kila mtu atajibu la kwake. Na sheria ya inchi inabadilika, iangalie upya kila msimu kwenye tovuti ya jimbo lako.

Ndo Kwanza

Asante mkuu. Kurusha sijui kabisa. Nijifunzie wapi?

Pangani1

Kwenye nyasi. Uwanja wa mpira wowote jioni, funga kipande cha sufu badala ya ndoana. Anza na mita tano za mshipi nje ya fimbo. Rusha nyuma, SUBIRI mshipi unyooke wote nyuma yako, geuza kichwa uuone, ndipo urudishe mbele. Wengi hawasubiri, ndiyo maana mshipi unapasuka hewani na chambo kinakatika. Mkono wa kushoto ukivuta mshipi kidogo wakati wa kurudi nyuma na tena wakati wa kwenda mbele, kasi inaongezeka na upepo haukusumbui sana, lakini hilo liache mpaka mita kumi zinyooke bila kuhangaika.

Ndo Kwanza

Na usiku miwani gani? Nikivaa ya jua sioni.

Kirinyaga Mdogo

Nyeupe tu, zile za fundi wa kukata vyuma. Dola tatu dukani.